Nusu Pauni Iliyooshwa kwa Ukwaju

Kazi yangu ni kutazama sarafu za dhahabu za zamani na kusema zimechakaa kiasi gani. Duka langu lina upana wa mlango na mtu mmoja aliyekonda, katika kichochoro cha Mji wa Kale ambacho tuktuk huingia kwa kujibana mbavu. Kila kitu nakipima mara mbili: mara ya kwanza mteja aone, mara ya pili nami niamini. Wenye kukusanya sarafu hawanunui uzito, wananunua uso. Kuchakaa huanzia palipoinuka: shavu la mfalme, nyusi zake, goti la farasi upande wa pili. Palipolala hubaki pazima hata wakipita wafalme watatu.

Tangu mke wangu afariki na wanangu wahamie bara, kutwa nazungumza na watu wanaotaka kunipunja, nami nataka kuwapunja, na magharibi kila mtu anakwenda kwake. Aliyekuwa akinisalimia bila kuuliza bei ni mmoja tu, mama mmoja mjane wa nyumba ya mkabala. Baada ya alasiri alikuwa akishuka ngazi taratibu, akaketi kwenye baraza yangu, akaisema vibaya kahawa yangu, akainywa yote.

Bintiye yuko Maskati. Alipojifungua alimpelekea mamake tikiti, ya kwenda tu.

"Akinikatia ya kurudi, ajua nitarudi," akaniambia.

Naye alitaka kurudi. Mumewe amezikwa hapa. Hakutaka kupanda ndege bila nauli ya kurudi mkononi mwake mwenyewe, asiwe mtu wa kuomba ruhusa kwa mwanawe. Akafungua fundo la leso akatoa sarafu ya dhahabu ya Kiingereza, nusu pauni, aliyoachiwa na mamake, imefungwa kwa pamba, haijavaliwa hata siku moja. Nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Nywele za mfalme ungeweza kuzichana. Rangi imeiva, imekolea kama asali iliyokaa sana chupani. Nikaitazama tena, maana nami nilikuwa na haja yangu katika jibu lile.

Nikamweleza kwamba kwa uzito peke yake haitoshi nauli, lakini mkusanyaji ataongeza, na nyongeza hiyo ndiyo itakayomrudisha. Nikamwonya asiiguse, asiifute hata kwa leso. Ule weusi mdogo wa miaka mingi, uliojificha kwenye mikunjo ya nywele, ndio bei.

Mkusanyaji akaja kutoka Nairobi, akashuka basi Mwembe Tayari, akafika dukani akilalamikia joto kama kwamba nimeliwasha mimi. Bei ya kuanzia nilikuwa nayo, ya kushukia nilikuwa nayo, na ya kukasirikia pia. Mama akashuka amevaa buibui jipya, ananukia udi. Akafungua pamba. Sarafu ikawaka kama sinia la sikukuu.

"Umeifanya nini, mama?"

"Nimeiosha. Ukwaju na jivu, nikaisugua kwa kumbi la nazi. Mtu atoke Nairobi aje aone dhahabu yetu na uchafu wake? Atasema sisi ni watu gani?"

Kwetu dhahabu haitoki nyumbani chafu. Kabla ya harusi wanawake huzunguka bakuli la ukwaju, bangili na vidani vikasuguliwa mpaka vikaumiza macho. Onyo langu alilisikia vizuri sana. Aibu ilikuwa na sauti kubwa zaidi.

Mkusanyaji akaigeuza kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba ilikuwa shavuni, shingoni, kila mahali, kama mlango anaponolea paka kucha.

"Mzee, hii imesuguliwa. Nitalipa uzito tu."

Nikamwambia hata yeye alioga kabla ya kwenda kuposa. Akacheka, hakuongeza kitu. Nikashuka mpaka bei ambayo sijawahi kumwonyesha mtu, yeye akabaki palepale kwenye uzito. Akaondoka kuwahi basi la jioni. Nami nisingeongeza, ningekuwa yeye.

Nikajaribu kumwambia mama kwamba pengo lile nitaliziba mimi. Alinitazama kama niliyejitolea kumlipia kodi ya nyumba.

"Sikuja kuomba, baba." Akaifunga sarafu yake. "Nitakwenda nayo. Kule dhahabu ni dhahabu, hawana haja na uso. Kitakachopungua nitakipata kwa kushona kofia."

Nikambebea begi mpaka kwenye tuktuk. Akanihimiza nipunguze tangawizi kwenye kahawa, nikamwahidi, na sote tulijua naongopa.

Siku hizi nachemsha birika dogo. Hata hilo hubaki.

Juzi akaniletea picha kwenye simu. Kitoto cha kike, mashavu hayo, na shingoni nusu pauni ile inaning'inia kwa mkufu. Nikaikuza picha, kisha nikaikuza tena. Imetobolewa juu ya kichwa cha mfalme, shimo limepita kwenye zile nywele. Kulikuwa na sauti yake pia, ananiuliza kama nimeona ilivyompendeza mjukuu, na mtoto analia nyuma yake, naye anambembeleza na kuzungumza nami kwa pumzi moja.

Nikamjibu kwamba inampendeza sana. Nikaongeza kwamba aliyetoboa ana mkono mzuri, shimo limekaa katikati. Habari ya kurudi sikuiuliza.