Dawa Ambayo Hakuna Aliyeionja

Siku moja ya kipupwe naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu unayenisoma. Nilikuwa jikoni kwangu, kijijini nje kidogo ya Sumbawanga, napuliza moto chini ya chungu, na wanaume wawili wanapokezana mlango. Huyu akiingia, mwenzake anatoka. Mimi hakuna aliyeniambia nitoke. Mwanamke anayepuliza moto walimhesabu pamoja na mafiga.

Nitawataja majina, maana wao hawakunionea huruma. Wa kwanza ni Oswadi, mume wangu wa ndoa ya kanisani, Mfipa mwenzangu, aliyerithi mizizi kwa babu yake. Wa pili ni Masanja, rafiki yake, mfugaji. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Usukuma wakaja kukaa kule bondeni, na yeye alikuwa na magome yake aliyofundishwa na mama yake. Wote wawili walikuwa waganga wa mitishamba, wenye watu wao na sifa zao. Wakikutana kwetu wanacheka mpaka kuku wanakimbia. Oswadi akimkaribisha Masanja pombe ya ulezi, anapiga funda la kwanza mwenyewe, halafu ndiyo anampa. Kwetu hiyo ni adabu. Mgeni aone kwa macho yake kwamba hakuna kitu ndani.

Mimi nilikuwa na ndoa ya miaka kadhaa bila mtoto. Tumbo linanikata kila mwezi, wenyewe wanaita chango. Mizizi ya Oswadi nilishainywa ikiwa peke yake. Haikunidhuru, haikunipa mtoto. Magome ya Masanja nayo niliyanywa, ikawa vilevile. Nilitaka mtoto, mwanangu, sikufichi. Nilikuwa nikisikia mtoto wa jirani analia, naacha kupepeta mahindi nasikiliza.

Miaka hiyo ndiyo tulikuwa tunazoea dawa mseto ya malaria pale zahanati. Basi Oswadi akakaa akawaza, akasema, "Hospitali wanachanganya dawa mbili kwenye kidonge kimoja. Sisi tumekatwa mikono?"

Masanja akapiga goti lake kwa furaha. "Mseto wa Ufipa na Usukuma, mshikaji wangu! Mpaka Kasesya pale mpakani, madereva wa malori watapanga foleni na wake zao!"

"Wake zao wako Zambia."

"Watawabebea kwenye chupa!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Walichokubaliana ni kwamba kila mtu atie konzi moja ya unga wake, basi. Kuonyeshana hawakukubaliana. Kila mmoja alishamenya na kutwanga kwake huko, dawa imekuwa vumbi, hata ungekuwa na macho ya namna gani usingejua ni mti upi. Ndiyo maana ya ule mchezo wa mlangoni. Marafiki wa kula sahani moja, lakini mmoja akitia dawa, mwenzake anasubiri nje kwenye upepo amejikunyata.

Oswadi aliingia wa kwanza. Akatia konzi. Akatazama mlango, akatia nyingine, na nyingine juu yake. Nikamwambia, "Baba, si mlisema moja?"

"Shii. Nikitia moja, kesho mtu akipona watasema ni ya Msukuma. Wewe ni mke wangu, umesikia?"

Nikasikia. Akatoka, akaingia Masanja. Huyu hata hakutumia konzi. Alikunjua kifuko chake, akakikung'utia chote ndani ya chungu, akakoroga kwa mwiko wangu wa ugali. Akanikonyeza. "Shemeji, usimwambie kaka. Namjua yule, lazima kapunja ya kwangu kwa kuzidisha ya kwake. Nasawazisha tu."

Umeona hapo? Kila mmoja alimdhania mwenzake wizi, na kila mmoja alikuwa ndiye mwizi. Halafu wote wawili wakaja kunikabidhi mimi siri, kama ninyi mnavyopeana simu mshikiane. Nikabaki pale na siri mbili. Nikimtaja Masanja, nimemgombanisha mume wangu na rafiki. Nikimtaja Oswadi, mimi si mke.

Chungu kikaiva. Maji meusi, yananuka chuma. Oswadi akachota kwenye kata ya kibuyu akanipa. Nikaishika. Nikauliza, na nakuapia niliuliza kwa upole, "Hamna mtu wa kuonja kwanza?"

"Hii si pombe, Yustina. Ni dawa ya kike. Nionje mimi, ninyonyeshe?"

Masanja akadakia, "Shemeji anatuogopa! Kaka, mkeo anadhani sisi wachawi."

"Unaniogopa mimi? Mumeo?" Oswadi akauliza, na uso umeshabadilika.

Nikaona aibu. Lile neno lao la kuogopa ndilo lililonikamata shingo nikainua kata, nikanywa yote, nikalamba na midomo waone kwamba nawaamini.

Kesho yake sikuweza kusimama wima. Nikatapika mpaka kijani kikaisha. Mkojo ukawa kama kahawa, macho yakageuka manjano, na damu ikaanza kunitoka. Oswadi akatoka uani akatangaza kwa sauti kwamba nimerogwa. Na aliyeniroga akamtaja: Bibi Nakazwe, jirani yetu, mjane anayeishi peke yake. Ushahidi wake ni kwamba asubuhi ya jana yake, kabla sijanywa, bibi alinipita kisimani nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba na kunitazama sana. Unajua sisi wa Sumbawanga tulivyo na sifa hiyo kila mahali. Basi hata wenyewe tumeiamini, na mwenye chungu jikoni anaona rahisi kunyooshea kidole nyumba ya pili.

Sasa huyo mchawi ndiye aliyesimamisha bodaboda. Wale wanaume walikuwa bado wanabishana nani akamwite mpiga ramli. Bibi Nakazwe aliingia jikoni bila kubisha hodi, akabeba chungu kilivyo na makapi yake, akanipakia katikati, yeye nyuma ananishika. Tukaenda hospitali mjini, naye chungu kichwani, kachafuka majivu. Oswadi na Masanja wakafuata kwa baiskeli.

Daktari alikuwa kijana, anatuita mama na bibi. Akatazama macho yangu, akatazama chungu. "Humu kuna nini?"

Bibi akasema, "Waulize wale."

Walikuwa wamesimama pembeni ya kitanda changu. Mwanangu, nilikuwa nasikia kila kitu, kuongea tu ndiyo nilikuwa siwezi. Daktari akarudia, "Mzee, mlimpa nini? Nahitaji kujua." Oswadi akamtazama Masanja. Masanja akamtazama Oswadi. Oswadi akasema, "Muulize mwenzangu." Masanja akasema, "Mimi nilisindikiza tu. Yeye ndiye mwenye mke." Kila mmoja anaogopa kutaja mti wake, mwenzake asije akaujua. Na mimi nipo pale kati yao natoka damu.

Ndipo Bibi Nakazwe akawapigia kelele. "Nyie! Togwa tu tunaonja kabla ya kumpa mgeni. Dawa hii nani kati yenu kaionja?"

Daktari akawa na akili. Akamchukua mmoja akaenda naye nje, akarudi akamchukua wa pili. Kila mmoja, akiwa peke yake, alitaja mti na akataja alivyozidisha. Kumbe hawakuwa na shida na daktari. Shida ya kila mmoja ilikuwa mwenzake.

Nililazwa siku nyingi. Nilipopata nguvu ya kuuliza, daktari alinieleza kwa lugha yangu ya darasa la nne. Alisema hata wao kuunganisha dawa mbili ni kazi ya miaka. Kwanza kila moja ijulikane peke yake inafanya nini na kiasi gani kinadhuru. Halafu waone zikikutana mwilini zinapatanaje, maana moja inaweza kufunga njia ambayo nyingine ilipaswa kutokea, ikabaki ndani inarundikana mpaka inageuka sumu. Na kuna mchanganyiko wa dawa mbili nzuri kabisa ambao wameshindwa, wameutupa. "Mama," akasema, "hizi zako ulipozinywa moja moja hazikukudhuru. Pamoja, na kwa wingi ule, na hakuna anayejua mwenzake katia nini..." Akaacha hapo. Halafu akaniambia lile lingine. Nilikuwa na mimba changa. Nilishaipata kabla ya kunywa, bila kujua. Ile dawa ya kutafuta mtoto ilimkuta mtoto yupo.

Huyo akatoka, na mwingine sikumpata.

Siku ya kutoka, Bibi Nakazwe alikuja kunichukua. Nilitegemea anipe pole. Njiani, pale tulipopumzika kabla ya kupanda mlima, akanigeukia. "Nakulaumu na wewe, mjukuu wangu."

"Mimi, bibi? Nimefanya nini?"

"Umenisimulia mwenyewe wodini: uliuliza swali zuri, nani anaonja kwanza. Wakakutia aibu, ukaliacha. Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza kilichomo kwenye kikombe, hapo ndipo unakiweka chini kikombe. Wewe ukakinywa kumpendeza."

Nililia njia nzima. Nilimchukia kidogo, nakwambia kweli. Leo ni marehemu, na hakuna mtu ninayemwombea misa kama yeye.

Oswadi aliniacha, akasema nimekuwa mtu wa mashaka. Ni kweli, nimekuwa. Yupo Kipili, ana mke na watoto, anauza dagaa. Ukimkuta msalimie, ila chai yake usinywe. Masanja yupo Kasesya na chupa zake, zimeandikwa zinatibu magonjwa arobaini. Wale wawili wanapigiana simu mpaka leo, ni marafiki. Mimi urafiki wa namna hiyo siutaki hata kwa dawa.

Nimeyaandika haya kwa sababu juzi binti wa mdogo wangu, Agata, alikuja na mchumba wake, kijana mtanashati, mambo poa. Nikamwuliza yule kijana kazi yake, amezaliwa wapi, aliachana na wa kwanza kwa nini. Agata akanivuta pembeni. "Mama mkubwa, unamhoji kama polisi, utamkimbiza!" Nikamwambia, mwache akimbie, tumwone mbio zake. Kijana hakukimbia. Alijibu, mengine kwa shida, akiwa anatoka jasho. Sijamwamini bado. Lakini nilimpa chai, na nilianza kuionja mimi.

Basi shika haya, mwanangu. Ukinywa dawa ya miti, mwambie daktari. Ukinywa ya hospitali, mwambie na anayekupa ya miti, na ukiona wanaogopana, usinywe ya yeyote mpaka waongee mbele yako. Usikubali kuwatunzia siri watu wawili wanaopika chungu kimoja. Waite wote jikoni, useme umeona nini, wagombane wewe ukiwa mzima. Na katika kupenda, uliza. Uliza mapema, uliza ukiwa unacheka kama ni lazima, lakini uliza, na utazame uso wake wakati anajibu. Anayekupenda hatakwambia unamwogopa. Atakufungulia kifuko uone.

Mimi sikumpata mtu huyo. Mungu akupe wewe. Akupe mtu atakayeshika kata mbele ya macho yako, apige funda la kwanza, asubiri kidogo, ndipo akupe. Na watoto wako wazaliwe kwenye nyumba ambayo mtu akiuliza humu kuna nini, anajibiwa.