Ngoma Iliyoningoja

Nyuma ya ukumbi tumewasha mabua ya mahindi, tunapasha ngoma moto kabla ya mchezo wa watoto. Baridi ya Eldoret huilegeza ngozi. Harufu yake ikipata joto hunirudisha nyuma ya ukumbi wa kanisa letu, nilikosimama nikiwa mtoto, nimeziba masikio, nimekataa kuingia na wenzangu.

Mama aliyepiga ngoma hakuniambia nisiogope. Aliilaza ngoma kwenye nyasi.

"Weka mkono hapa, mami."

Akaigonga kwa kidole kimoja. Ngozi ikatetemeka chini ya kiganja changu kama ubavu wa ndama.

"Sasa kaa pale mlangoni. Mimi sipigi mpaka uzibue masikio mwenyewe."

Ukumbi ulijaa. Mwigizaji wa simba alikuwa tayari nyuma ya pazia, na mchungaji akakohoa mara kadhaa. Mama yule aliniangalia tu, mikono hewani, mpaka nikashusha yangu. Mlio ulinipita kifuani. Sikukimbia.

Ngozi imekaza sasa. Watoto wameketi, walimu wao wanatazama saa. Mlangoni amesimama msichana mdogo aliyeishika ngoma pamoja nami kule nje. Mkono mmoja ameushusha. Nangoja wa pili.