Pua ya Fundi Hafiz na lori la Bi Mwatum

Saa tano na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, lori jeupe la tani nne limesimama mbele ya kibanda kimoja cha Machomanne, Chake Chake, kisiwani Pemba. Mlango wa upande wa abiria uko wazi, na kutoka humo imening'inia miguu miwili yenye kandambili moja. Kandambili ya pili imeanguka mchangani na mwenyewe hana habari nayo.

Mwenye miguu ni Hafiz Nyange, fundi umeme wa magari, umri miaka hamsini na tano. Kichwa chake kimo chini ya dashibodi. Anakaza skrubu ya mwisho ya kisanduku cheusi kisichozidi mkate wa boflo kwa ukubwa.

Mafundi hukiita kontroli boksi. Ni kompyuta inayoamrisha taa, honi, waipa na milango, na ndiyo inayoamua kama ufunguo ulioingizwa ni wa mwenye gari au wa mwizi. Ikiharibika, gari hufanya mambo kwa akili yake. Lori hili lilikuwa likikanyagwa breki linawasha waipa, jua kali hilo. Mara mbili lilijipigia honi mbele ya nyumba ya msiba.

"Fundi, umelala huko?" anauliza mwenye lori.

"Nimelala, Bi Mwatum. Mikono ndiyo iko macho," sauti inajibu kutoka chini.

"Basi iambie hiyo mikono kuwa adhana iko njiani."

Bi Mwatum Ngwali, miaka sitini na mitatu, ni mfanyabiashara wa mwani. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Hatua mbili kutoka kwake amesimama Abdulnasir, mnunuzi aliyevuka kutoka Unguja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Ameahidiwa lori kwa bei ya chuma chakavu. Likiwaka kabla ya sala ya Ijumaa, haliuzwi. Lisipowaka, linakokotwa hadi bandari ya Wesha na kupakiwa kwenye meli ya mizigo.

Kwa Hafiz, hilo ni lori lake la kwanza. Hapo kabla alikuwa akiachiwa pikipiki na taa za nyuma za gari ndogo.

"Likinishinda, hakuna atakayeniletea gari tena," anasema. "Nitabaki Fundi Redio mpaka nizikwe."

Jina hilo limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda chake. Alianza kutengeneza redio akiwa na miaka kumi na sita, akifundishwa na ami yake mjini Wete. Enzi hizo, anasema, kwa siku nzuri alikuwa akiondoka na shilingi elfu kumi na tano, na mke wake, Mwanaasha, akichagua samaki bila kuuliza bei.

Kisha kila mtu akawa na redio ndani ya simu yake.

"Kuna mwezi mzima tulipata elfu ishirini na mbili," anasema Mwanaasha. "Na kumi kati ya hizo aliokota barabarani. Yeye husema za kazi, lakini mie niliziona, zilikuwa na matope."

Miaka mitatu iliyopita Hafiz alipanda boti kwenda Dar es Salaam. Alikaa miezi saba kwenye gereji ya rafiki yake, akiosha vyuma ili aruhusiwe kutazama wengine wakipima magari kwa kompyuta. Mafundi wa pale, wengi wao wa umri wa watoto wake, walimwita Babu na kumtuma chai. Chai aliwaletea. Kwa kila kikombe aliwatoza swali moja.

Lori la Bi Mwatum lilipoanza vituko, hakuitwa yeye. Fundi wa kwanza alibadilisha kisanduku, likatembea siku kumi na tisa, kikafa. Wa pili akaweka kingine, kikafa wiki ya tatu. Visanduku viwili vilimla Bi Mwatum zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na mwani wake ukawa unasubiri ufukweni. Fundi wa pili aliondoka na maneno kwamba gari lenyewe lina mkosi.

Hafiz alikuwa wa tatu, na wa mwisho.

Siku aliyoletewa lori, hakugusa bisibisi. Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akanusa. Wapita njia walisimama kucheka. Mmoja akamuuliza kama kuna pilau.

"Ami alinifundisha redio hunuswa kabla ya kufunguliwa," anaeleza. "Iliyoungua ina harufu yake. Iliyokojolewa na panya ina yake."

Hili halikuwa na harufu ya kuungua wala ya panya. Lilikuwa na harufu ya pweza.

Akafungua ubavu wa chini, pale miguu ya abiria inapokaa, ambapo kisanduku kimefungwa. Nyaya zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na ndani ya soketi mlikuwa na chumvi kama ya kupikia. Akamwita dereva.

"Ngwali, hapa huketi nani?"

Dereva, ambaye ni mtoto wa kaka yake Bi Mwatum na amepewa jina la babu yake, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Huketi mie," akasema Bi Mwatum. "Lori langu, niketi wapi, nyuma na viroba?"

Bi Mwatum ni mzaliwa wa kisiwa cha Kojani. Kila wiki lori likienda kuchukua mwani upande huo, nduguze huvuka kwa mashua kumletea ndoo ya pweza, ndani yake maji ya bahari ili wasiharibike. Ndoo hiyo haijapata kuwekwa nyuma. Hukaa mbele, kati ya miguu yake, isiibiwe. Barabara ikiwa na mashimo, maji humwagika kidogo.

Kumwambia Bi Mwatum kwamba ndoo yake ndiyo iliyoua visanduku viwili si kazi ya kila mtu. Ngwali alikuwa akijua muda wote maji yanakwenda wapi, akaona bora anyamaze.

"Bi Mwatum," Hafiz alimwambia, "hao pweza wako ni watamu?"

"Watamu sana."

"Lazima wawe watamu. Wamekula milioni moja na nusu."

Inasemekana Bi Mwatum aliinama, akanusa mwenyewe chini ya dashibodi. Kisha akauliza, "Kwani hao mafundi wawili hawana pua?"

Hafiz aliagiza kisanduku kutoka Dar es Salaam. Siku tatu alikata nyaya zilizooza na kuunga nyingine kwa risasi ya kuyeyusha, moja moja, kama alivyokuwa akiunga redio. Mahali pa kisanduku alipapandisha kiasi cha shubiri mbili, akakifunika kwa mpira wa tyubu ya pikipiki.

Sasa ni saa tano na nusu. Hafiz anatoka chini ya dashibodi, anafunga betri, anaingiza ufunguo na kuuzungusha.

Kimya.

Abdulnasir anatoa simu yake. "Niwaambie watu wa Wesha waje?"

"Subiri," anasema Hafiz. "Boksi jipya halimjui mwenye gari. Kwa sasa sisi sote hapa ni wezi."

Anaunganisha kompyuta ya kuazima kwa waya, anabonyeza, anasoma kwa kidole. Kulifundisha boksi ufunguo kunachukua dakika kumi, na katika dakika hizo ufunguo hauguswi. Bi Mwatum anahesabu tasbihi. Ngwali amerudi kwenye lile tairi.

Hafiz anauzungusha tena. Dashibodi inawaka yote, kisha injini inanguruma na kutulia. Breki: taa za nyuma zinawaka, waipa zimelala. Indiketa kulia, kushoto. Honi inalia pale tu anapoibonyeza, na anaibonyeza mara tatu zaidi ya haja.

Abdulnasir ni mtu wa biashara, hapotezi muda. Anapandisha bei mara mbili palepale.

"Nilikuwa nauza ugonjwa, mwanangu," anasema Bi Mwatum. "Uzima siuzi. Njoo ule pweza, usiondoke na njaa."

Malori yake mengine mawili, anatangaza mbele ya wapita njia wale wale waliocheka, kuanzia leo ni ya Hafiz kuyatazama. Ndoo, ikiwa na mfuniko, inafungwa nyuma kwa kamba, na Ngwali ameapa kuilinda.

Mipango ya Hafiz ni kununua kompyuta yake mwenyewe kabla ya mwaka kwisha, maana ya kuazima ina mwenyewe na mwenyewe ana maringo. Bi Mwatum amejitolea kumlipia mchoraji abadilishe maandishi ya kibandani. Hafiz amekubali yaongezwe "na kompyuta za malori". Neno Redio amekataa lifutwe.

"Pua niliipata huko," anasema, akiinama kutafuta kandambili yake.