Kisu Mdomoni, Maumivu Shingoni

Nakumbuka siku niliyoitupa tezo yangu chini nikaapa sitachonga tena. Nilikuwa kijana, fundi wa kuchonga twiga hapa Wamunyu, na shingo ilikuwa imekakamaa hata nikiitwa nageuka mwili mzima. Wenzangu wakasema ni maringo, wakanibatiza jina la Bwana Mkubwa. Sikuwa na kazi nyingine, mwanangu, kwa hiyo usidhani kiapo kile kilikuwa mchezo. Nilishapaka kila dawa ya kuchua, nikabadilisha kigoda, nikaulaumu hata mto wa kulalia.

Susu Ndunge, bibi aliyekuwa akipiga msasa vinyago vyetu, alinitazama akauliza, "Wewe, hiyo kisu iko na kazi gani kwa mdomo?"

Ndio uliokuwa mtindo wetu. Mikono ikishika kinyago, kisu kidogo tunakibana kwa meno. Mimi nilibana kutwa, na hata kikitoka, meno hayakuachana.

"Susu, inauma shingo, si mdomo," nikamjibu kwa ukali. Jibu hilo linanitia aibu mpaka leo.

Hakukasirika. Aliweka vidole vyake vyenye vumbi mbele ya masikio yangu, akabonyeza. "Sasa fungua mdomo. Pole pole."

Taya ikalia ko! Maumivu yakateremka shingoni hadi begani, palepale nilipokuwa nikipachua kila usiku. Machozi yalinitoka, lakini nilijawa na mshangao zaidi kuliko uchungu. Nimechonga shingo ngapi, na yangu sikujua imeshikana na nini!

Daktari wa Machakos mjini alimuunga mkono: misuli ya taya na ya shingo husaidiana, mmoja ukichoka mwenzake hulemewa. Akanifundisha kulegeza taya na kunyoosha shingo. Haikupona kesho yake. Ilichukua miezi, hadi asubuhi moja nikaitwa kutoka nyuma yangu, nikageuza kichwa peke yake. Nilimsifu Mungu, nikaiokota tezo yangu.

Basi mwanangu, wewe unayeinamia simu umekaza meno, legeza taya. Si kila shingo iumayo imeanzia hapo, kwa hiyo nenda ukapimwe. Ila asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wakati mwingine mkuu ni bibi wa msasa. Mungu akujalie mwili mwepesi, na usikose kamwe mtu wa kukuuliza swali linalokuudhi.