Nondo ya Kumwagilia

Mmmmm. Spika ziliponguruma hivyo juzi kwenye harusi Iringa, wenzangu waliendelea na pilau yao. Mimi niliweka kijiko chini nikaanza kutafuta ndoo kwa macho. Msinicheke. Nimehamahama miji mingi, lakini mlio ule hunifuata kila ninakokwenda, na bado unanikera.

Baba yangu alikuwa fundi muziki Mwanjelwa. Watu walimwona akibonyeza vitufe wakadhani kazi ni hiyo. Hawakutuona sisi tukibeba spika nzito kama magunia ya viazi, wala tukisukuma jenereta mpaka nyuma ya choo ili lisisikike.

Halafu kulikuwa na nondo, kipande cha chuma cha kujengea. Kila sherehe baba aliipigilia ardhini nyuma ya nyumba ya wenyeji, akaifunga waya wa kutoka kwenye amplifaya. Udongo ukikauka, spika zinanguruma; ukilowa, ngurumo inakoma. Kwa hiyo lazima mtu amwage maji.

Shangazi Tusekile alipoolewa kule Uyole, kiangazi kikali, aliniahidi kuwa mimi ndiye nitakayeshika shela lake akiingia. Nikashonewa gauni la njano. Nilifanya mazoezi ya kutembea kwa madaha mpaka mama akachoka. Siku yenyewe, maharusi wakiwa getini: mmmmm.

"Neema! Maji!"

"Baba, naingia na shangazi!"

"Ataingiaje na ngurumo hii? Nikimtuma mwingine, atalowesha mpaka maungio ya waya. Kimbia, mwanangu."

Nikakimbia. Nikamwaga kidogo, nikangoja, nikamwaga tena, matope yakirukia gauni. Binamu yangu Ambele akaja na soda yake. "We Neema, mwagilia vizuri, itaota!" Huko mbele vigelegele vikalipuka. Shela lilishikwa na mtoto wa jirani, tena akalikanyaga.

Muziki ulitoka safi kabisa. Hakuna aliyetushukuru, nani hushukuru ngurumo ambayo hakuisikia? Nilimnunia baba hata ugali nikawa naulia jikoni.

Harusi ya juzi ilikuwa ya binti wa shangazi huyo huyo. Jioni shangazi akatoa albamu ya harusi yake, nami nikaipekua kwa hasira ile ile. Simo hata katika picha moja. Ila katika picha ya kuingia, pembeni kabisa, upo mgongo wa baba: amepiga magoti nyuma ya spika, ameshikilia waya uliolegea, uso ukutani. Shangazi anapita karibu naye akicheka. Alikuwa dada yake wa pekee, na baba hakugeuka.