Hiki Kidogo cha Kuanzia

Wifi yangu alinitukana ndani ya sala, na mimi nikasema amina.

Ilikuwa siku tuliyobariki nyumba yetu huku Champlin. Ni nyumba ya chini, vyumba viwili na besimenti iliyochimbwa chini yake, na dari ya nyumba nzima ni fupi hivi kwamba mume wangu akinyoosha mkono anaigusa. Tulikuwa tumepika pilau na chapati, na watu wa kanisa walijaa hadi kwenye ngazi za besimenti, sahani magotini. Mchungaji alipouliza nani wa familia atafunga kwa maombi, dada mkubwa wa mume wangu akasimama. Alishukuru kwa safari, kwa kazi, kwa watoto. Kisha akasema, "Na tunakushukuru, Bwana, kwa hiki kidogo cha kuanzia."

Wote wakasema amina. Nami nikasema, macho nimeyafumba. Neno lenyewe lilinifikia baadaye, nikiwa jikoni namimina chai. Kidogo. Cha kuanzia. Na sisi tulikuwa tumekitafuta miaka sita.

Mtu akikutukana sokoni unamjibu hapo hapo. Akikutukana mbele za Mungu, watu wamefumba macho, utaanzia wapi? Nililiweka neno lile mahali pake na nikalitunza vizuri kuliko vyombo vyangu vya wageni.

Sitamnyima haki yake. Ni yeye aliyetupokea uwanja wa ndege tulipotoka Kenya, akatuweka miezi minane katika besimenti ya nyumba yake kule Bloomington. Lakini kifungua mimba wetu akilia, alikuwa akigonga sakafu juu ya vichwa vyetu kwa mpini wa ufagio, ko ko ko, nami nikawa namtembeza mtoto huku nimembana kifuani ili sauti isipande. Nyumba ile ukifungua mlango unakutana na ngazi: za kupanda kwenda sebuleni, na za kushuka kwenda kwetu. Alipenda kusimama juu ya zile ngazi akizungumza na mtu aliye chini.

Kwa hiyo miaka ilipopita na watoto wakaanza kugombania choo kimoja, mume wangu aliona suala la ujenzi. Mimi niliona kesi yangu imefika mahakamani. Njia zilikuwa mbili: kuongeza chumba na choo upande wa nyuma, au kubomoa yote na kujenga upya. Yeye alitaka kuongeza. Mimi nilitaka tingatinga.

Mkandarasi wetu ni Mkongo tunayesali naye. Alishuka besimenti, akagonga ukuta wa msingi kwa ngumi, akatega sikio.

"Mama, hii fondation iko solide," akasema. "Kubomoa hii ni péché."

"Basi nitatubu," nikamwambia.

"Just bomoa it, Mom," akasema binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu anavyotaka.

Nilikuwa na mchoro tayari, nimeubandika kwenye friji. Ghorofa mbili, na ngazi pana zinazoonekana mara tu mlango unapofunguliwa. Kiti cha wifi siku ya kubariki nilikuwa nimeshakichagua: kile kinachotazama ngazi moja kwa moja. Hata sala nilikuwa nayo. Nilijizoeza ndani ya gari nikienda kazini hospitalini Saint Paul, mikono kwenye usukani, nikimshukuru Mungu kwa kutuondoa katika kile kidogo cha kuanzia. Nilikuwa napunguza sauti nikifika kwenye neno "kidogo", vile vile alivyoipunguza yeye.

Mwisho wa kiangazi, wifi akaanguka kwenye ngazi zake. Nyonga ikavunjika. Walimfanyia upasuaji, na mtaalamu wa mazoezi akamwambia ngazi sasa basi. Mumewe alishafariki, watoto wake wako majimbo ya mbali, na kila mmoja alisema kwenye simu kwamba anamwombea. Katika nyumba yake kubwa hakukuwa na chumba hata kimoja unachofika bila kupanda au kushuka.

Ikabaki sisi au makao ya wazee. Nilifanya kazi kwenye makao kama hayo nilipokuwa mgeni nchi hii, na ninajua jinsi mchana ulivyo mrefu mle ndani.

Mkandarasi alisema akichimba msingi sasa hivi, kabla ardhi haijaganda, chumba cha nyuma kitakuwa tayari kufikia Krismasi. Tukibomoa, ni mwaka mzima, sisi wenyewe tukipanga ghorofani mahali fulani, naye wifi huko makaoni akitusubiri.

Mume wangu alikuwa akiosha vyombo, amenipa mgongo. "Wewe ndiye uliyesemwa," akasema. "Amua wewe."

Sikuamua haraka. Nilimwacha wifi asubiri wiki nzima, na wiki hiyo nililala vizuri. Mwishowe alinipigia simu mwenyewe.

"Kwani mmeamua aje? Mta-extend ama mnabomoa?"

"Bado tunafikiria, Dada."

"Sawa tu. Hakuna haraka."

Haraka ilikuwepo, na sote wawili tuliijua. Sauti yake haikuwa tena ile ya juu ya ngazi. Nilikata simu nikabaki nimesimama mbele ya friji, nautazama mchoro wangu, na hapo ndipo nilipoona kosa langu. Katika nyumba ya ghorofa angekuja kama mgeni. Angesifu ngazi, angekula, angerudishwa alikotoka, na kufikia jioni angekuwa amesahau. Lakini katika hii ndogo angeamka kila siku ya Mungu chini ya dari aliyoidharau. Niliubandua mchoro nikampigia mkandarasi.

Kanisani waliniita mke mwema. Niliwaacha waniite.

Alijenga vizuri yule Mkongo. Mlango mpana unaopitisha kiti cha magurudumu, vyuma vya kushikia chooni, dirisha linalotazama theluji ya uwanja wa nyuma. Kuhusu dari tulibishana.

"Mama, hapa tunaweza kuipandisha kidogo."

"Usiipandishe."

"Itakuwa muzuri zaidi."

"Iwe sawasawa na ya nyumba nzima."

Akanitazama, akaandika.

Tulikibariki chumba Jumamosi baada ya Krismasi, watu wachache tu. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda kipya, mikono yote miwili juu ya mkongojo. Alikuwa amekonda. Mchungaji alipouliza nani atafunga kwa maombi, nilisimama kabla hajamaliza kuuliza. Nilishukuru kwa upasuaji, kwa mafundi, kwa familia. Kisha, taratibu, nikipunguza sauti pale pale panapostahili, nikasema, "Na tunakushukuru, Bwana, kwa hiki kidogo cha kuanzia."

Nikafumbua jicho moja nimwone likimpata.

Yeye alikuwa amefumba macho yote mawili. Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti. Halafu akasema, wala hakuwa akisema na mimi, "Cha kumalizia, Bwana."

Watu wakasema amina. Mume wangu hakusema. Alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mimi pia sikusema. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka yote, nikalirusha, naye akalidaka akalisahihisha mbele ya watu. Hata hapo alinishinda kusali. Hasira ilinipanda, kisha ikakosa mahali pa kukaa, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli na mimi muuguzi ndiye niliyepaswa kukijua kabla yake.

Sijui kama alikumbuka. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Kitanda chake na jiko letu vimetenganishwa na ukuta mmoja. Asubuhi akitaka chai hugonga kwa mkongojo, ko ko ko. Naenda, nampelekea, namwekea na mto mgongoni. Ila kwanza namwacha agonge tena.