Uongo Nilioufungia Zizini

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiisimulia hadi leo mkono wangu unatafuta chaki. Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni msichana wa Kikamba kutoka Noonkopir, pale Kitengela, ninayesoma chuo Kajiado mjini. Nilisimama mbele ya darasa zima nikamwambia mwalimu wangu wa mantiki, "Mimi siandiki uongo." Darasa likacheka. Mimi sikucheka hata kidogo, maana nilidhani nimemtetea Mungu.

Najua unajiuliza mantiki ni mnyama gani. Ni elimu ya kujua neno gani linafuata kutoka kwa neno gani. Ukiniambia kila mtu wa mtaa wetu hununua maji, na mimi ni wa mtaa huo, basi nanunua maji. Huna haja ya kuja kuchungulia mtungi wangu. Sisi tulifundishwa kuyaandika mambo hayo kwa herufi, P na Q, mstari chini ya mstari, na kando ya kila mstari unaandika kanuni iliyokupa ruhusa ya kuuandika. Mstari usio na ruhusa haukai. Hata kama ni kweli, hata kama ameusema askofu mwenyewe, haukai!

Jamani, nililipenda somo lile! Nikipiga pasi nathibitisha, nikichota maji nathibitisha. Nilipenda kwamba mkubwa hakuweza kushinda kwa ukubwa wake wala mwenye sauti kwa sauti yake. Kozi yenyewe ilifundishwa Kiingereza, lakini mwalimu wetu akifika mahali pagumu alihamia Kiswahili, na hapo ndipo mambo yalipoingia kichwani.

Sasa, kuna nusu ya somo hilo niliyokataa kuigusa. Katika kazi hii kuna kanuni inayokuruhusu kusema "tuseme", halafu uweke dhana yoyote unayotaka, hata kinyume kabisa cha jambo unalotaka kuthibitisha, uone itakufikisha wapi. Kwa wenzangu hilo halikuwa neno. Kwangu mimi niliyelelewa na mama yangu, lilikuwa neno kubwa.

Mama alikuwa mwombaji. Alifanya kazi kwenye shamba la maua Kitengela, na Jumapili alikuwa wa kwanza kuingia kanisani na wa mwisho kutoka. Nyumbani kwetu, kitu ukikitamka umekiita. Siku moja kaka yangu alianza kusema, "Tuseme baba apoteze kazi pale kiwanda cha simiti..." Hakumaliza. Mama alimkatiza, "Shindwe na ulegee!" tukapiga magoti sote, na chai ikapoa mezani. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikuwa nimeshakunjwa. Kwangu, kuandika kwa mkono wangu dhana ninayojua si kweli ilikuwa ni kuukiri uongo.

Basi mtihani ukaja. Maswali ya moja kwa moja niliyamaliza mbio. Maswali yaliyotaka dhana niliyaacha wazi, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: SIWEZI KUKIRI UONGO. Unacheka? Cheka. Nilianguka, tena vibaya. Na sheria ya chuo ilikuwa kwamba aliyeanguka mantiki anapewa nafasi moja zaidi, ubaoni, kwa mdomo na chaki, mbele ya mwalimu wake na mtahini kutoka nje. Akianguka tena, anafunga sanduku.

Kufunga sanduku kwangu kulikuwa na maana moja. Msimamizi wa mama alikuwa amesema kuna nafasi ya kufunga maua pale shambani nikiihitaji. Maua si kazi mbaya, mwanangu, ndiyo iliyonisomesha. Lakini nilitaka kufundisha mantiki, nilitaka hivyo kama mgonjwa anavyotaka maji, na mama alikataa katakata kuzungumzia jambo jingine lolote. "Utapita," alisema. "Hiyo imeisha." Nikijaribu kumwambia ninaogopa, anaanza wimbo.

Mwalimu Lemayian akaniita ofisini. Alikuwa mzee wa Kimaasai, mwembamba, mvi kichwa kizima, na sauti iliyokuwa kubwa kuliko mwili. "Supa," akanisalimu, nikaitika "Ipa," na kwa mara ya kwanza sikupenda kumtazama usoni. Karatasi yangu ilikuwa mezani, na zile herufi kubwa zikinitazama.

"Nakerai," akaanza, ndivyo wazee wao wanavyomwita mtoto, "kwenu mko na mifugo?"

Nikamwambia tuko na mbuzi kwa nyanya, kule Machakos.

Akaniuliza wakipotea tunafanya nini. Nikasema tunatafuta. Akauliza tunatafutaje, tunakimbia tu ovyo? Hapo akaacha kiti, akaanza kutembea huku na huku, maana mzee yule akifurahia hoja hakuweza kuketi. Akanieleza jinsi walivyofanya kwao ng'ombe wakipotea. Wazee wanasimama pamoja na mmoja anasema: tuseme wamevuka mto. Kama wamevuka, kwato zao ziko kwenye matope. Wanakwenda, wanaangalia, matope ni safi. Basi hawakuvuka. Na sasa wanajua jambo la kweli ambalo asubuhi hawakulijua, na wamelijua kwa kuanzia na jambo ambalo si kweli.

"Huyo mzee aliyesema tuseme," akaniuliza, "amemdanganya nani?"

Nikaziangalia tena zile herufi kubwa mezani.

Akachukua chaki akachora duara kubwa ubaoni, na ndani yake duara dogo. Hili kubwa ni zizi, akasema, na hili dogo ni kizizi cha ndama ndani ya zizi. Kila unaposema tuseme, umejenga zizi na kuifungia dhana yako humo. Ukiwa ndani, fuata kila kinachofuata bila woga. Dhana ikikupeleka mahali ambapo jambo lilelile ni kweli na si kweli, hapo umeibana. Unafunga zizi, unatoka nje na kinyume cha dhana hiyo, na yote mengine yaliyozaliwa mle ndani yanabaki mle ndani. Uongo, akasema, ni kuifungulia dhana na kuitembeza sokoni kana kwamba umeithibitisha.

Nilidhani amemaliza. Kumbe karipio lenyewe lilikuwa bado. Akaketi, akashusha sauti, jambo ambalo hakulizoea.

"Wewe si uongo unaogopa. Unaogopa ukiufuata utakushinda. Mtu ako na uhakika na ukweli wake hawezi kataa kusikiza kinyume chake mpaka mwisho. Njia ya mwongo ni fupi, nakerai. Mfuate."

Mwanangu, maneno yale yalinichoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilitoka pale nimekasirika, na nilipofika bwenini nilikuwa nimeshaanza kuchora mazizi.

Siku ya ubao ikafika. Upepo wa Kajiado ulikuwa unapiga mabati, na mtahini alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyetoka Nairobi, asiyetabasamu. Akaniandikia swali moja tu. Thibitisha: P au si P. Na juu yake hakuweka kitu chochote. Hakunipa hata sentensi moja ya kuanzia.

Unaelewa alichotaka? Chukua sentensi yoyote duniani. Mvua itanyesha Isinya leo, au haitanyesha. Kila mtu anajua ni hivyo. Lakini ruhusa ya kuuandika mstari huo iko wapi, na umepewa ubao mtupu? Nikajaribu kuanza na P. Nani kanipa P? Nikajaribu kuanza na si P. Nani kanipa? Mvua siijui! Niliyaona maua ya Kitengela mbele yangu, mafungu kwa mafungu. Njia ya moja kwa moja haikuwepo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi nikainama. Nikachora zizi kubwa, nikaandika mstari wa kwanza: tuseme si kweli kwamba P au si P. Uongo mtupu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mabati hayakuniangukia.

Ndani yake nikachora kizizi kidogo: tuseme P. Kama P ni kweli, basi P au si P, maana ukiwa na moja unaruhusiwa kuongeza "au". Lakini hilo ndilo mstari wa kwanza ulilolikana! Mistari miwili imegongana. Nikafunga kizizi, nikatoka na kinyume cha P, yaani si P. Halafu nikasimama, nikautazama mstari ule mpya, na hapo, mwanangu, nywele zilinisimama. Kwa sababu kama niko na si P, basi tena niko na P au si P, kwa kanuni ileile ya "au". Na mstari wa kwanza ulilikana hilo! Umegongana tena, na safari hii hauna kizizi kingine cha kulaumu. Dhana ilikuwa imejifunga kamba yenyewe. Nilichofanya mimi ni kuifuata tu, hatua kwa hatua, kama nilivyoambiwa. Nikafunga zizi kubwa. Si kweli kwamba si kweli kwamba P au si P. Kukana mara mbili ni kukubali. Nikaandika mstari wa mwisho nje ya mazizi yote, P au si P, na chaki ikavunjika.

Nilitaka kuruka. Nadhani niliruka kidogo. Bado sikujua kama mvua itanyesha Isinya, na sikuhitaji kujua.

Yule mama akavua miwani. "Na ule uongo wa mstari wa kwanza," akauliza, "uko wapi sasa?"

"Umefungiwa, madam," nikamjibu. "Hakuna dhana imebaki wazi. Mstari huu wa mwisho hautegemei kitu chochote."

Akamtazama Mwalimu Lemayian. Mzee alikuwa ameshasimama, anatembea huku na huku. Nikajua nimepita.

Nilifika Noonkopir jioni mama akiwa jikoni, muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ukichemka mekoni. Nilipomwambia nimepita aliimba, akanizungusha, akaimba tena. Kisha akaniuliza polepole kama niliandika yale maneno ya "tuseme" niliyokuwa nimeyakataa. Nikasema niliandika. Nikachukua kipande cha makaa, nikamchorea sakafuni lile zizi na kile kizizi, nikamweleza jinsi uongo unavyoingia humo na usitoke. Alisikiliza akikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Alipomaliza kukoroga akaingia chumbani, akarudi na kitu amekikunja kifuani.

Ilikuwa aproni ya kijani ya shamba la maua, mpya, imeshonwa kwa mkono, na jina langu mfukoni kwa uzi mweupe.

"Nilikuwa nimesema kwa roho tu," akaniambia, bila kunitazama. "Nikasema, tuseme mtoto amekosa. Asiende kazini bila aproni kama mtu hana mama."

Nililia, mwanangu, nami nilikuwa na furaha. Mama yangu, aliyemkatiza kila mtu, alikuwa ameketi peke yake na ile dhana akiishonea mfuko. Hakuwa na imani haba. Alikuwa ameifuata hofu yake mpaka mwisho, na mwisho wake ukawa ni upendo.

Nimelifundisha somo lile kwa miaka mingi baadaye, nikavuka nalo hadi miaka ya elfu mbili, na kila darasa huwa na mmoja anayegoma kama nilivyogoma. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Usiogope kusema tuseme. Unachokihofia, usikifiche uvunguni, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Kitoe, kijengee zizi, ukifuate hatua kwa hatua. Mtu akikupinga, mkubalie kwa muda, utembee naye kwa uaminifu hadi mwisho wa hoja yake. Kama amekosea, hoja yake yenyewe itamrudisha, na kama umekosea wewe, utakuwa umepona. Kila unachokisema, ujue ruhusa yako imetoka wapi. Na ukitoka, ufunge. Wako watu wengi, mwanangu, walioanza na "tuseme jirani ananichukia", wakasahau kufunga, na leo hawasalimiani na jirani huyo. Yaliyozaliwa ndani ya dhana usiyalete mezani kama ukweli.

Nenda sasa. Mungu akupe kichwa kisichoogopa swali, na mdomo unaojua tofauti ya kudhani na kujua. Akupe mwalimu wa kukukaripia ungali na nafasi ya pili. Na siku utakapokosa, maana utakosa tu, ukute nyumbani kuna mtu aliyekwisha kukushonea aproni.